Shahidi anapatia 8 kati ya 10, dogo wa chuo anasema uwezekano ni 31%. Hii ya Bayes ni hesabu au usanii?

#1 Ngosha wa Mwalo
Wakuu salaam. Nina jambo linanisumbua, naomba wenye hesabu waje.

Mjomba wangu ana mwalo upande wa Ilemela huku Mwanza. Wiki iliyopita alitega nyavu za sangara jioni, asubuhi akakuta maboya mawili yanaelea, nyavu hakuna. Kuna mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya jabali saa 3 usiku, anasema aliona mtumbwi mweupe ukitokea upande wa nyavu, hauna taa. Mwalo una mitumbwi 50. Myeupe 5, ya buluu 45. Kati ya wenye mitumbwi myeupe kuna jamaa mmoja ana ugomvi na mjomba wa deni la injini. Basi, kesi ikaisha hapo, watu wakataka kumburuta jamaa kwa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo.

Mdogo wangu anasoma takwimu chuoni, akasema ngojeni. Usiku uliofuata akampandisha mzee jabalini palepale, akapitisha mitumbwi 10, myeupe mitano na ya buluu mitano (hata mtuhumiwa alikubali kupitisha wake, kwa matusi). Mzee akapatia 8. Sisi tukashangilia, 80% huyo hapo! Dogo akacheka, akaandika mchangani, akasema kwamba uwezekano wa mtumbwi ule kuwa mweupe ni 31% tu. Eti kanuni ya Bayes.

Sasa mzee anapatia 8 kati ya 10, tunaambiwa kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba amekosea. Hii ni hesabu au usanii?

#2 Dagaa Kauzu
Nasogeza kiti. Ngoja waje.

#3 Hesabu Kali
Dogo yuko sahihi mkuu. Usianze na mzee, anza na mitumbwi. Fikiria yote 50 inapita mbele ya jabali, mmoja mmoja. Myeupe 5: mzee ataita "mweupe" kwa 4. Ya buluu 45: anakosea 2 katika kila 10, kwa hiyo 9 ataiita myeupe wakati siyo. Jumla atapaza sauti "mweupe!" mara 13, na katika hizo 13 za kweli ni 4. Gawa 4 kwa 13 unapata 31%.

Ile 80% inajibu swali la "mtumbwi ukiwa mweupe, mzee atasema mweupe?" Swali la mjomba ni la upande wa pili: "mzee kasema mweupe, je, ulikuwa mweupe?" Ni kama kusema wavuvi wengi wa mwalo ule ni Wasukuma, halafu mtu adhani Wasukuma wengi ni wavuvi.

Kanuni yenyewe ni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza, aliichapisha mwaka 1763.

#4 Kichwa Ngumu Buhongwa
Wasukuma wengi ni wavuvi kwani uongo? 😂

#5 Msoma Magazeti
Mkuu #3, hapo kwenye historia rekebisha. Bayes alifariki 1761. Rafiki yake Richard Price ndiye aliyeikuta kwenye makaratasi ya marehemu, akaifanyia kazi, ikachapishwa 1763. Na aliyeifanya iwe chombo cha kazi kweli ni Mfaransa Laplace, aliifikia mwenyewe 1774.

#6 Hesabu Kali
Sawa, nimekosea. Marehemu hachapishi.

#7 Mzee wa Karabai
Vijana, habari zenu. Nimevua miaka zaidi ya thelathini kabla mgongo haujagoma. Nina swali moja kwa huyu Ngosha. Usiku huo kulikuwa na mwezi?

#8 Ngosha wa Mwalo
Shikamoo mzee. Ndiyo, mbalamwezi kabisa, ndiyo maana mzee aliona.

#9 Mzee wa Karabai
Marahaba. Basi hesabu ya huyo dogo imevunda kabla ya kuiva. Kwenye mbalamwezi dagaa havuliwi. Dagaa anafuata taa gizani, mwezi ukiwaka taa yako haina kazi, mitumbwi ya dagaa inavutwa mchangani, watu wanashona nyavu na kunywa. Kati ya hiyo 45 ya buluu, mingapi ni ya dagaa? Huwezi kuhesabu mtumbwi uliolala mchangani kama mshukiwa.

#10 Ngosha wa Mwalo
Nimempigia mjomba. Mitumbwi 30 ya buluu ni ya dagaa, yote ilikuwa nchi kavu. Ya sangara ya buluu ni 15. Myeupe yote mitano ni ya sangara.

#11 Hesabu Kali
Mzee wa Karabai heshima yako. Hapo hesabu inabadilika: myeupe 5, mzee anaita 4. Ya buluu 15, anakosea 3. 4 kwa 7, hiyo ni 57%. Kanuni ni ileile, tumebadilisha pa kuanzia tu.

#12 Kichwa Ngumu Buhongwa
Yaani asubuhi jamaa hana hatia kwa 31, mchana ana hatia kwa 57, na nyavu hazijasogea hata hatua moja? Huu ni mkeka wa kubeti siyo hesabu.

#13 Mwalimu wa Takwimu
Kichwa Ngumu amegusa kidonda cha zamani. Mimi sikubaliani na uzi huu tangu mwanzo. Uwezekano ni wa kitu kinachojirudia: rusha shilingi mara elfu, hesabu vichwa. Nyavu zimeibwa mara moja. Mtumbwi ule ama ulikuwa mweupe ama haukuwa. Huwezi kusema ulikuwa mweupe kwa asilimia 57. Hiyo 57 ni ya kichwa chenu, haiko ziwani. Mwingereza Ronald Fisher, mmoja wa waliojenga takwimu za kisasa, aliikataa njia hii waziwazi kwenye kitabu chake cha 1925.

#14 Dagaa Kauzu
Fisher si maana yake mvuvi? Mvuvi mwenyewe kaikataa, uzi ufungwe 😂😂

#15 Hesabu Kali
Mwalimu, ni kweli 57 ni ya kichwa chetu, na sioni ubaya. Mjomba hawezi kusubiri aibiwe mara elfu ndipo aamue. Wewe ukitoka Nyegezi asubuhi ukatazama wingu upande wa ziwa ukachukua mwavuli, siku ile umeirudia mara ngapi?

#16 Mwalimu wa Takwimu
Wingu nimeliona siku nyingi. Ndipo ninapokwambia, data ya kujirudia ipo. Kwenye nyavu data iko wapi? Mmeianza na rangi za mitumbwi. Mwingine angeanza na nani ana ugomvi na mjomba. Mwingine angeanza na nani alikuwa na njaa. Kila mtu na mwanzo wake, kila mtu na jibu lake.

#17 Mzee wa Karabai
Hilo la njaa limekaa vizuri mwalimu. Wakati wa mbalamwezi wenye njaa ni watu wa dagaa, hawajaingiza kitu siku kadhaa. Mtumbwi umelala mchangani lakini mwenyewe hajalala. Anaweza kuusukuma usiku akaurudisha. Sikusema mwanzo kwa sababu na mimi nilikuwa mtu wa dagaa.

#18 Ngosha wa Mwalo
Mzee sasa unanirudisha kwenye 50!

#19 Nesi Mstaafu
Wanangu, mimi sijui mitumbwi ila jambo hili nimeishi nalo kazini. Chukueni kichocho. Tuseme kipimo kinagundua wagonjwa 90 katika 100, na kinamsingizia mzima 10 katika 100. Nimefanya kazi kijiji cha kando ya ziwa ambako watoto wanaogelea kutwa. Tuseme hapo 40 katika 100 wanacho. Kipimo kitawashika 36 kwa haki, na wazima 6 kwa makosa. Ukisema "unacho" unapatia kama 86%. Peleka kipimo hichohicho mahali ambapo ni mtu 1 katika 100: utamshika huyo mmoja labda, na wazima kama 10 pamoja naye. Karatasi inasema jambo moja, maana yake mbili.

Nilihamia kituo kimoja cha mbali na ziwa, kijana wa maabara akashangaa kwa nini ninaomba kurudia vipimo wakati kule nilikotoka sikurudia. Sikujua jina la Bayes. Nilijua tu kwamba kule ziwani nikiona jibu hilo sishangai, na huku nashangaa.

#20 Hesabu Kali
Mama, umeeleza kuliko mimi.

#21 binti_Nansio
Naomba niulize kitu ambacho hakuna aliyeuliza. Katika majibu yale 10, yale mawili aliyokosea yalikuwaje? Alikosea myeupe au ya buluu?

#22 Ngosha wa Mwalo
Dogo ana daftari. Alikosea mawili, yote ya buluu, akasema myeupe. Myeupe yote mitano alipatia.

#23 binti_Nansio
Nilijua. Usiku wa mwezi jicho haliioni buluu kama mchana, mtumbwi wa buluu unafifia unakuwa kama kijivu, na kijivu kikipigwa na mwezi ni cheupe. Sisi tuliokulia Ukerewe tunalijua hilo, ukisubiri baba arudi unamwona "mweupe" kila anayepita. Kwa hiyo msigawe makosa sawasawa. Mweupe hamkosei. Wa buluu anamkosea 2 katika 5.

Rudieni: myeupe 5, yote anaita. Ya buluu 15, anaita 6 kimakosa. 5 kwa 11, ni 45%. Na kama mnahesabu yote 45 ya buluu, anaita 18 kimakosa, 5 kwa 23, mko kwenye 22%. Yote hayo na ile "8 kati ya 10" haijaguswa.

#24 Kichwa Ngumu Buhongwa
31, 57, 45, 22. Mwenye namba ya bahati nasibu achukue.

#25 Mwalimu wa Takwimu
Dada #23 kazi safi, ila mitumbwi 5 ya buluu ni kidogo mno kusema "2 katika 5". Kesho anaweza kukosea 1 au 3. Hiyo asilimia yenyewe inayumba.

#26 binti_Nansio
Inayumba ndiyo mwalimu, na njia ya Bayes inaruhusu kuibebesha huko kuyumba kwake. Unapanga uwezekano wa kukosea 1, 2, 3, kila mmoja na uzito wake. Wewe unaitaka namba moja ngumu ndipo ukubali kuongea.

#27 Wakili wa Makoroboi
Nimepita tu ila nimeshindwa kunyamaza. Mahakama ya Rufani ililisema jambo hili kwa lugha yake tangu 1980, shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu, usiutegemee mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Wanauliza: alimtazama kwa muda gani, umbali gani, mwanga ulikuwaje, alimfahamu kabla? Hayo maswali ya binti_Nansio ndiyo hayo.

Na mjihadhari na hesabu mahakamani. Uingereza mwaka 1999 mama mmoja, Sally Clark, alifungwa kwa kuua watoto wake wawili wachanga. Daktari bingwa alitoa ushahidi kwamba vifo viwili vya namna ile kwa bahati mbaya katika familia kama ile ni mara 1 kwa milioni 73. Watu wakasikia "uwezekano kwamba hana hatia ni 1 kwa milioni 73". Siyo kitu kimoja. Mama kuua watoto wawili nako ni nadra sana, ilibidi vipimwe vyote viwili kwenye mizani. Halafu alizidisha kana kwamba kifo cha kwanza hakihusiani na cha pili, wakati ni nyumba moja na damu moja. Aliachiwa 2003, amekwisha kukaa ndani zaidi ya miaka mitatu.

#28 Nesi Mstaafu
Masikini mama wa watu.

#29 Dagaa Kauzu
Uzi umekuwa mzito ghafla. Kuna mtu ana matokeo ya mechi ya Pamba?

#30 Kichwa Ngumu Buhongwa
Pamba ikicheza Kirumba mimi sihitaji Bayes, nakunja mkeka wangu nalala.

#31 Hesabu Kali
Ngosha, kuna kitu tumekiacha wote, hata mimi, naona aibu. Asilimia zote hizi ni za RANGI. Hata ikiwa 45% kwamba mtumbwi ulikuwa mweupe, myeupe iko mitano. Huyo jamaa wa deni ni mmoja wao. Gawa kwa tano, anabaki na 9%.

#32 Ngosha wa Mwalo
Aisee.

Mrejesho: mjomba anasema kati ya myeupe mitano, miwili ilikuwa imepinduliwa inakalafatiwa, haikuweza kuingia majini. Imebaki mitatu.

Halafu kuna jipya. Jana wamekagua mtumbwi wa jamaa wakakuta kipande cha kamba ya kijani, nailoni, kama ile mjomba anayofungia maboya. Mwalo umechafuka, watu wanasema kwisha habari.

#33 Hesabu Kali
Twende taratibu. Kabla ya kamba: mtumbwi wa jamaa 1, myeupe mingine 2, ya buluu inayofanana na myeupe machoni pa mzee ni 6 (2 katika 5 ya ile 15). Yeye ni 1 dhidi ya 8, yaani 11%.

Sasa kamba. Kama ndiye, kukutwa na kamba ile si ajabu, tuseme ni lazima. Kama siye, swali ni hili: wavuvi wa kawaida hapo mwaloni wangapi wana kamba ya kijani? Tuseme 1 katika 4. Basi kamba inazidisha upande wake mara nne: 4 dhidi ya 8. Anafika 33%. Imemsogeza sana, ila bado haijamfunga.

#34 Msoma Magazeti
Hapa ndipo Alan Turing alipopita wakati wa Vita ya Pili, pale Bletchley Park wakivunja siri za Wajerumani. Kila dalili walipewa uzito wake, uzito unajumlishwa, dalili ndogondogo zikifika kiasi wanaamua. Kipimo chao walikiita "ban", kutokana na mji wa Banbury ambako karatasi zao zilichapwa. Dalili moja haikuwa na kazi kubwa, kazi ilikuwa kwenye kujumlisha.

#35 Duka la Kirumba
Samahani wakuu, mimi huuza zana za uvuvi hapa Kirumba. Hiyo kamba ya kijani ndiyo inayotoka kuliko zote. Watu wa mialo ya huko Ilemela, nusu yao nimewauzia mimi mwenyewe.

#36 Hesabu Kali
Nusu? Basi inazidisha mara mbili tu. 2 dhidi ya 8, ni 20%.

#37 Kichwa Ngumu Buhongwa
Muuza duka amemwokoa mtu kwa biashara yake.

#38 Wakili wa Makoroboi
Swali la nyongeza: mmekagua mitumbwi mingapi?

#39 Ngosha wa Mwalo
Ule mmoja tu.

#40 Wakili wa Makoroboi
Nilidhani hivyo.

#41 Mzee wa Karabai
Na mimi niulize. Nani kasema nyavu zimeibwa? Nimeona visiwa vya magugu maji vikipita usiku, upepo ukigeuka vinabeba nyavu, mawe na kila kitu, vinakuachia boya moja la kukuliza. Mzee aliona mtumbwi ukipita. Hakuona mtu akivuta nyavu. Mnapigia hesabu mtumbwi wakati huenda mwizi ni upepo.

#42 binti_Nansio
Mzee 🙏 Hilo lilitakiwa liwe la kwanza. Ngosha, upepo wa usiku ule?

#43 Ngosha wa Mwalo
Mjomba anasema ulikuwepo. Hakuwa akitaka kulisema.

#44 Msoma Magazeti
Basi zitafuteni nyavu kama walivyoitafuta ile ndege ya Air France iliyoanguka Atlantiki tarehe 1 Juni 2009. Miaka miwili hawaipati. Wataalamu wakagawa bahari kwenye vyumba, kila chumba wakakipa uwezekano. Ukitafuta chumba ukakosa, unakishusha bila kukifuta, maana huenda ilikuwepo hukuiona, na vingine vinapanda. Walikubali hata kwamba vifaa vya kupiga mlio kwenye visanduku vya ndege huenda vilikufa tangu mwanzo, kwa hiyo sehemu waliyopita mwanzoni bila kusikia kitu ikarudi kuwa na maana. Ilipatikana Aprili 2011, kina cha mita kama 3,900. Ziwa letu lote kina chake hakizidi sana mita 80. Mjomba aanze upande unakoelekea upepo, kwenye magugu.

#45 Mwalimu wa Takwimu
Hilo la ndege nalikubali, nasema ukweli. Ila pale walikuwa na ramani za mikondo na rekodi za ajali nyingine. Mwanzo wao ulikuwa na miguu. Wa kwenu una miguu kwenye baadhi ya maeneo, kwingine unaelea kama boya la mjomba.

#46 Hesabu Kali
Mzee wa Karabai na mwezi wake, duka na kamba yake, dada na rangi yake. Hiyo siyo miguu?

#47 Mwalimu wa Takwimu
Ni miguu. Bado ni mtumbwi mmoja na usiku mmoja. Tutabishana tena kwenye uzi mwingine.

#48 Ngosha wa Mwalo
Mrejesho wa mwisho wakuu. Kikao cha BMU kiliitwa jana. Dogo alisimama na daftari lake, akafika kwenye 22% watu wakaanza kuondoka. Mwenyekiti kasema mitumbwi yote ikaguliwe, lakini giza limeingia, watu wa dagaa wameshatoka, kikao kitarudi mwezi ukirudi. Kwenye magugu tumepata kipande cha wavu urefu wa kama hatua sita, mjomba anasema ni wake, jamaa wa deni anasema wavu wowote ungekuwa hivyo. Wabheja sana kwa wote mliochangia.

Duka la Kirumba, mjomba anauliza: kamba ya rangi nyingine tofauti na kijani unayo?

#49 Duka la Kirumba
Ipo ya zambarau. Ina mwaka hapa, hakuna anayeitaka.

#50 Ngosha wa Mwalo
Niwekee roli mbili.